Kutoka upinde wa jadi kwenda kompaundi: kabla hujanunua ule wa rafiki yako

SWALI: "Nawinda kwa upinde wa jadi miaka kumi na mbili sasa, pauni 50, navuta kwa vidole vitatu na nalenga kwa hisia tu bila saiti yoyote, yaani kifaa cha kulengea. Tangu mwaka jana bega la kulia linanisumbua nikishikilia muda mrefu. Kuna rafiki yangu anauza kompaundi yake ya pauni 70, anasema imesetiwa inchi 30 na inapiga mpaka mita 60 bila shida. Mimi nikinyoosha mikono yote miwili napata sentimita 175 kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Msimu unafunguliwa baada ya miezi miwili na nusu. Je, kompaundi itanipunguzia mzigo wa bega? Mishale yangu ya mbao na michache ya kaboni naweza kuitumia humo? Na ule ujuzi wa kulenga kwa hisia nitaupoteza? Wenzangu wananicheka, wanasema huko ni kuwinda kwa mashine."

JIBU: Ndugu yangu, umefanya la maana sana kutaja hizo sentimita 175, hiyo namba moja imeshanijibia karibu nusu ya maswali yako. Nianze na hela yako kwanza kabla haijatoka mfukoni: huo upinde wa rafiki, kama ulivyo sasa hivi, haukufai. Sisemi ni mbovu, pengine ni mzuri sana, ila umesetiwa kwa mwili wa mtu mwingine, na kompaundi, yaani upinde wenye roda, siyo kama huo uta wako ambao mtu mrefu akivuta unamfuata na mfupi akivuta unamfuata. Kompaundi ina mwisho wake. Ukifika pale inagoma, na huo mwisho ukiwa siyo wa kwako basi kila kitu kingine kitaharibika, saiti, bega, mkono wa mbele, mpaka hamu yenyewe ya kupiga.

Lakini nikikuelewa vizuri, kinachokusumbua hasa ni bega, haya mengine yamekuja juu yake. Kwa hiyo tuanze hapo.

Upinde wako wa jadi kila inchi unayovuta uzito unapanda. Ile pauni 50 iliyoandikwa kwenye bawa la upinde, ile sehemu inayokunjika ukivuta, kwa kawaida imepimwa mvuto ukiwa inchi 28, maana yake pale mkono unapofika shavuni, pale pale unapotaka kutulia na kulenga, ndo umebeba mzigo wote, kilo 22 na ushee kwenye vidole vitatu. Ndo maana wapigaji wengi wa jadi wanaachia mara tu mkono ukigusa shavu, na bega likishachoka ukalazimisha kushikilia kidogo tu linakukumbusha. Kompaundi imepangwa kinyume. Kwenye ncha za mabawa kuna roda, yaani magurudumu madogo ya kupitishia kamba, ambazo siyo duara kamili, kamba unayovuta inapita kwenye njia yake na zile kebo nyingine zinapita kwenye njia yake, na roda ikizunguka umbali wa kila moja kutoka kwenye ekseli unabadilika. Mwanzoni unavuta kwa shida, mwishoni roda imegeuka kiasi kwamba kamba ina nguvu kubwa ya kukabili mabawa yaliyokunjwa, kwa hiyo mabawa yamejaa nguvu lakini mkono wako unasikia wepesi. Ni kama gia za baiskeli tu, mlima ni ule ule ila mguu unausikia tofauti. Aliyeibuni ni Holless Wilbur Allen wa Missouri kule Marekani, aliomba hataza 1966 akapewa 1969, kwa hiyo hao wenzako wanaoona ni kitu kipya kimeshuka jana wamechelewa kidogo.

Huo wepesi wa mwisho ndo tunauita punguzo. Pinde nyingi za siku hizi zina punguzo la asilimia 80 hivi, zipo za chini ya hapo na zipo zinazofika 90. Kompaundi ya pauni 60 yenye punguzo la 80 ukifika mwisho unashikilia pauni 12 tu, kama kilo tano na nusu. Ukilinganisha na hizo 50 unazoshikilia sasa unaona mwenyewe.

Sasa hapo ndo watu wanapojidanganya. Wanasikia pauni 12 wanadhani upinde ni wa pauni 12. Hapana, hizo 60 lazima uzipitie kwanza, hamna njia ya mkato. Na baya zaidi kwa mtu wa bega ni kwamba zinakuja mapema. Kwenye upinde wako uzito mkubwa unakukuta mwishoni wakati mgongo umeshaingia kazini, kwenye kompaundi, hasa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya kasi, uzito unaruka hadi kileleni ndani ya inchi chache za mwanzo na unakaa hapo hapo mpaka karibu na mwisho ndo unaanguka ghafla. Yaani unakutana na mzigo wote wakati mkono wa kuvutia bado uko mbele na bega liko kwenye hali dhaifu kuliko zote. Kwa hiyo jibu la kweli kwa swali lako la kwanza ni mawili kwa pamoja: kushikilia kutapungua sana, kuvuta kunaweza kukuumiza zaidi ya sasa ukichagua uzito kwa sifa. Pauni 70 kwa bega linalolalamika ni kutafuta matatizo, nakwambia wazi.

Na usifikiri utaishusha tu. Kweli kuna bolti mbili, ya juu na ya chini, ukizilegeza uzito unashuka, lakini upinde mwingi wa pauni 70 unashuka mpaka 60 hivi basi. Ukiendelea kulegeza kupita alama aliyoweka mtengenezaji bawa linaweza kuchomoka usoni pako. Wewe ningependa uanzie 45 mpaka 50, kwa hiyo tafuta upinde ambao kilele chake ni 60 au 50, au zile zenye masafa mapana ya kurekebisha. Utaniuliza, sasa 50 kwa 50 nimepata faida gani? Nyingi tu. Nguvu inayoingia kwenye mshale siyo ile namba ya kileleni, ni jumla ya kazi yote uliyofanya tangu unaanza kuvuta mpaka mwisho, na kwa kuwa kompaundi inapanda haraka na kukaa juu muda mrefu, jumla yake ni kubwa zaidi hata kilele kikiwa kile kile.

Kipimo changu ni hiki, ukifika kwa fundi fanya mbele yake. Kaa kwenye kiti, inua miguu kidogo isiguse chini, elekeza upinde kwenye shabaha, halafu vuta taratibu bila kuupandisha juu kuelekea angani. Ukishindwa, au ikabidi ujikunje ujirushe ndo uvute, uzito ni mkubwa kwako, shusha. Porini hutakuwa na nafasi ya kuinua upinde juu kama unatoa salamu halafu uuteremshe, mnyama ameshaondoka zamani, na mshale ukiponyoka ukiwa umeelekea juu hakuna anayejua utatua wapi.

Turudi kwenye sentimita 175. Njia ya kukadiria urefu wa mvuto ni kuchukua upana wa mikono kwa inchi ukagawa kwa 2.5. Wewe 175 ni inchi 69 kasoro kidogo, ukigawa unapata kama 27 na nusu. Rafiki yako ameuseti 30. Hizo inchi mbili na nusu kwenye suruali ungekunja ukaendelea na safari, kwenye kompaundi ni janga. Utajikuta umeegemea nyuma, kichwa umekirudisha kuitafuta kamba, kiwiko cha mkono wa mbele umekikaza mpaka mwisho na kamba inakuchapa ndani ya mkono, na bega limepanda karibu na sikio. Hilo bega lililopanda ndo hasa linaloumia. Watu wengi wanaolalamika kuwa kompaundi imewaumiza ukiwatazama wakivuta unakuta upinde ni mrefu kwao. Kosa la upande wa pili, kuwa mfupi kwa nusu inchi, linavumilika zaidi, kwa hiyo ukiwa katikati ya saizi mbili mimi nachukua ndogo.

Hesabu hiyo ya 2.5 ni ya kuanzia tu lakini, siyo hukumu. Fundi atakuangalia ukiwa umevuta, maana rilizi unayotumia (kile kifaa cha kushikia na kuachia kamba badala ya vidole), urefu wa kile kitanzi kwenye kamba, na umbo la uso wako vyote vinabadilisha kidogo. Na kubadilisha urefu kunategemea aina ya roda: nyingine kuna kipande unakizungusha tu na ufunguo, nyingine unanunua kipande kingine, nyingine unabadilisha roda nzima na hapo lazima upinde ubanwe kwenye presi, ile mashine ya fundi ya kukandamiza mabawa. Muulize rafiki yako upinde wake ni wa namna gani kabla hamjaongea bei. Na tafadhali usijaribu kufungua kebo nyumbani kwa kamba na vibao kama nilivyoona watu wanafanya, kuna nguvu nyingi mno mle ndani hata upinde ukiwa umelala tu mezani.

Mishale. Ya mbao, hapana kabisa, wala usijaribu mmoja kuona itakuwaje. Kompaundi inausukuma mshale kwa mshtuko ambao mbao haikuchaguliwa kwa ajili yake, ukipasuka vipande vinaingia kwenye mkono wa mbele. Ya kaboni inategemea. Mshale wa kaboni una namba ya ugumu, 300, 340, 400, 500 na kadhalika, na namba kubwa ndo mshale laini, watu wengi wanageuza hapa. Inatokana na kipimo: mshale unawekwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, unaning'inizwa uzito wa gramu 880 katikati, halafu wanaangalia umepinda kiasi gani, uliopinda nusu inchi unaitwa 500. Kwenye upinde wako wa jadi mshale unapita pembeni ya mpini, lazima mshale ujikunje kidogo uuzunguke, na vidole vikiachia vinaupindisha zaidi, kwa hiyo ulaini kiasi ulikuwa unakusaidia. Kompaundi mshale unapita karibu katikati kabisa na rilizi inaachia bila kusukuma pembeni, ule ulaini hauna kazi tena. Angalia jedwali la mtengenezaji wa mishale kwa uzito wako mpya, urefu wa mshale na uzito wa kichwa, halafu ndo uamue kama ulionayo inafaa. Kama iko mpakani chukua mgumu zaidi.

Kuna jambo la uzito pia. Mshale usiwe chini ya greni 5 (greni ni kipimo kidogo cha kupimia uzito wa mishale) kwa kila pauni ya upinde, yaani upinde wa 50 mshale usipungue greni 250, na hiyo ni kwa ajili ya usalama wa upinde tu, kwa kuwindia mimi sikubali chini ya saba. Mshale mwepesi mno unakaribia kuwa sawa na kuachia kamba bila mshale, na kuachia kamba bila mshale kwenye kompaundi ni kitu kimoja ambacho nakuomba usikifanye hata mara moja, hata kwa utani, hata pale mtoto anapotaka kuona inavyovutwa. Nguvu ikikosa mshale wa kuibeba inarudi kwenye mabawa na roda. Kamba inaweza kuruka, bawa likapasuka. Na ikitokea bahati mbaya, hata kama unaona upinde mzima, usipige tena mpaka fundi auangalie, nyufa nyingine huzioni kwa macho, unapitisha pamba taratibu juu ya bawa na inanasa pale kwenye ufa.

Kuhusu kulenga kwa hisia, sidhani kama utapoteza. Utakachosikia ni aibu kwanza! Siku ya kwanza ukiweka pini ya saiti kwenye shabaha utaiona inatetemeka, inazunguka, inapanda inashuka, na utasema mbona mimi nilikuwa natulia. Hukuwa unatulia ndugu, ulikuwa unatikisika vile vile ila hapakuwa na kitu mbele ya jicho cha kukushtaki. Kosa la wote wanaotoka kwenye jadi ni kujaribu kuikamata ile pini ikipita katikati na kubonyeza rilizi haraka, sasa! Ukizoea hivyo umejitengenezea ugonjwa ambao kuutibu ni kazi ya miezi. Iache pini ielee, wewe endelea kuvuta kwa mgongo, kidole kikiwa kimekumbatia trigga na siyo kuigonga, mshale uondoke wenyewe kama umekushtukiza. Anza hatua nne tano tu kutoka kwenye shabaha, macho umefunga, bila kujali unapiga wapi, mpaka mwili uelewe kuachia kunakuwaje. Najua inachosha. Fanya hivyo hivyo.

Na kidole, wakati wa kuvuta, kikae nyuma ya trigga, siyo juu yake. Ukivuta pauni 50 na kidole kiko kwenye trigga ikaachia katikati ya safari, ngumi yako mwenyewe inakuja mdomoni kwa kasi yote hiyo, na upinde umeachiwa nusu njia juu yake. Kwa kuwa umezoea vidole utataka kuuliza kama unaweza kuendelea navyo, jibu ni kwamba kompaundi nyingi za kuwindia ni fupi, kamba ikivutwa inatengeneza pembe kali inayobana vidole na mshale pamoja, zipo ndefu zinazofaa vidole lakini ni chache. Nunua rilizi ya mkononi, ile ya kufunga kwenye kifundo, ni rahisi kuanza nayo.

Pipu, kile kitundu kinachofungwa kwenye kamba, kiwekwe kwa ajili yako na siyo wewe ujipinde kukitafuta. Vuta ukiwa umefumba macho, tulia pale mkono unapojisikia umefika kwao, kisha fumbua. Ukikiona kitundu kiko mbele ya jicho sawa, ukikuta kiko juu au chini mwambie fundi akisogeze. Kwenye kuseti saiti kumbuka moja tu, pini inafuata mshale: ikipiga kushoto sogeza pini kushoto, ikipiga chini shusha pini. Inaonekana kinyume lakini ndo hivyo. Na ujue kuna kitu unakipoteza kweli hapa, wala sikufichi. Alfajiri na magharibi pipu inakuwa giza mapema, kuna dakika ambazo ukiwa na uta wako unamwona mnyama vizuri na ukichungulia kwenye kitundu huoni chochote. Tundu pana kidogo linasaidia, likizidi upana shabaha inalegea. Ukifika wakati huoni pini na mnyama kwa pamoja, kazi ya siku hiyo imekwisha.

Haya, mita 60. Hapa naomba tuelewane vizuri maana hapa ndo wanyama wanateseka. Kufika unafika. Chukua mfano wa upinde kama wako na mshale wa greni 500 unaoondoka mita 52 kwa sekunde, na kompaundi ya pauni 60 na mshale wa greni 420 unaoondoka mita 82 kwa sekunde. Wa kwanza unabeba nguvu ya juli 44 hivi, wa pili juli 92, zaidi ya mara mbili. Tofauti nzuri zaidi kwako iko kwenye kukosea umbali: ukilenga kwa mita 30 kumbe mnyama yuko 35, mshale wa jadi utashuka chini ya ulipolenga karibu sentimita 32, wa kompaundi kama 13. Ya kwanza umekosa kabisa au umevunja mguu, ya pili labda bado uko kwenye mapafu. Hiyo ndo zawadi halisi ya kompaundi, inakusamehe makadirio ya umbali mita chache.

Lakini muda hausamehe. Mshale wa mita 82 kwa sekunde unafika mita 60 baada ya robo tatu ya sekunde hivi. Sauti ya upinde inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, imeshafika masikioni mwa mnyama kabla mshale haujaenda hata robo ya safari. Mnyama wa jamii ya swala akishtuka anachuchumaa kwanza ili apate nguvu ya kuruka, mshale uliolengwa moyoni unapita juu ya mgongo au unaingia kwenye uti. Au hakushtuka, alikuwa anakula tu, akapiga hatua moja mbele, mshale uliokuwa wa mapafu umeingia tumboni, na hapo umejipatia kufuatilia damu usiku kucha na huenda usimpate. Kwenye shabaha ya majani hayo hayapo, ndo maana rafiki yako anasema bila shida.

Kwa msimu wako wa kwanza usivuke mita 30. Hata hiyo uistahili: umbali wako wa kuwindia ni ule ambao mshale wa kwanza wa siku, mwili haujapata moto, umevaa nguo zako za porini, umepiga goti au umekaa, unaingia kwenye duara la sentimita 15. Mshale wa kwanza tu. Ile mitano inayofuata ambayo unajipongeza nayo porini huipati. Na upige na vigumba vyenyewe utakavyowindia, siyo vichwa vya mazoezi peke yake, maana kigumba chenye makali yaliyosimama kinashika upepo na kama upinde haujarekebishwa vizuri kitakwenda upande wake. Vichwa vya mazoezi na vigumba vikipiga sehemu moja ujue upinde uko sawa.

Ule ujuzi wako wa miaka kumi na mbili, kunyata, kusoma upepo, kumsubiri mnyama ageuke ubavu, kuacha kupiga, ndo uliokuwa unakulisha, siyo vidole. Utakwenda nao wote. Kinachobadilika ni wakati wa kuvuta. Ulizoea kuvuta na kuachia ndani ya pumzi moja mnyama akiwa ameshafika, sasa utavuta mapema kichwa chake kikiwa nyuma ya mti, na utasubiri. Usisubiri kwa kulegea lakini, ukiiachia kamba irudi mbele kidogo tu inatoka kwenye lile bonde la wepesi na upinde unakunyang'anya. Bana mpaka mwisho. Na jifunze kurudisha kamba taratibu bila kupiga, mshale ukiwa bado umeelekea kwenye shabaha na kidole nyuma ya trigga, kwa sababu utafanya hivyo mara nyingi kuliko kupiga. Hao wanaocheka waache wacheke, mnyama hajui ulikuwa na roda au hukuwa nazo, anajua kama mshale uliingia pazuri.

Nimefikiria pia kama kweli ni lazima uhame. Siyo lazima. Unaweza kushuka kwenye upinde wa jadi wa pauni 40, ukasogea karibu zaidi, kigumba kikawa kikali kweli kweli na mshale mzito kidogo, wanyama wa wastani wanaanguka. Hasara yake ni kwamba unarudi kushikilia mzigo wote mwishoni, na baadhi ya sheria za uwindaji zinaweka kiwango cha chini cha pauni, unaweza kukuta uko chini yake. Upinde wa mtambo, ule wa kufyatua kama bunduki, unaliondolea bega karibu kazi yote lakini sehemu nyingi una sheria zake tofauti. Mimi kwa maelezo yako naona kompaundi ya 50 iliyopimwa kwako ndo njia nzuri, kwa sharti kwamba bega liruhusu. Na kabla ya yote uliza mamlaka ya wanyamapori ya huko unakowindia, kuna nchi uwindaji wa upinde ni marufuku kabisa kama Uingereza, kwingine wanaruhusu lakini msimu wa upinde wa jadi ni tofauti na wa kompaundi, na kwingine hawataki kitu chochote cha umeme kwenye upinde hata pini yenye taa.

Miezi miwili na nusu inatosha kama upinde utakuwa umepimwa ndani ya wiki hizi mbili na unapiga kidogo kidogo karibu kila siku, mishale ishirini thelathini ya akili timamu, siyo mia ya uchovu. Wiki tatu kabla ya msimu jipime na lile duara. Ukiwa hujafika, chukua uta wako wa zamani mwaka huu kama bega linakubali, au kaa nje msimu mmoja. Kuchanganya zote mbili wiki hiyo hiyo sikushauri, mikono inachanganyikiwa.

Bega lenyewe, lakini, limeanza mwaka jana na bado lipo, kwa hiyo daktari au mtaalamu wa viungo aliangalie kabla hujavuta chochote kipya. Hasa kama linakuamsha usiku ukilalia upande huo, kama kuinua mkono juu ya kichwa kunauma, au ukihisi mkono umepoteza nguvu. Mwambie kabisa unavuta upinde, mwonyeshe na mwendo wenyewe, wengi hawajawahi kuuona na watakupa ushauri wa jumla tu wa kupumzika. Akikuruhusu, nenda kwa fundi wa pinde ukiwa na rafiki yako na huo upinde wake, mwombe aangalie mambo matatu: kama roda inakubali kushuka mpaka 27 na nusu, kama kamba na kebo zina nyuzi zilizoanza kuchomoza au uzi wa kuzungushia uliolegea, na kama mabawa yana alama yoyote ya ufa karibu na roda. Kamba ikiwa na miaka mitatu au zaidi toa gharama ya kamba mpya kwenye bei. Roda isipokubali, mshukuru rafiki yako na umwachie upinde wake.